Kioo Ulichotuma Kutoka Tanga

Shule ya Lupaso,
S.L.P. Masasi.
19 Septemba 1954

Mpendwa Shemeji Anselmo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Cyril na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichotuandikia mwezi wa Juni kimekwisha kukuacha. Sisi hatujambo. Dada yako Isabela hajambo, ila mgongo unamsumbua kidogo, na sababu yake utaikuta huko mbele. Lois na Danieli wanakuamkia, shikamoo Mjomba.

Najua ukifika hapa utakuwa umeruka mistari kutafuta habari za Mama yenu. Basi nisikutese. Mama anaona. Jicho la kulia anaona vizuri akivaa miwani, na la kushoto daktari amesema tungoje akija tena mwaka ujao. Sasa rudi juu uzisome salamu zangu kwa utulivu, maana niliziandika kwa bidii.

Kisanduku chako tulikipata mwezi wa Mei, kimepondeka pembe moja tu. Plagi nne, risasi ya kulehemu, mkanda wa feni na viraka vya mpira, vyote vilikuwemo. Kioo pia kilikuwemo, kile kidogo cha dereva cha kutazamia nyuma. Nakushukuru sana. Kioo sikukitumia wakati ule, na dada yako akakichukua cha kuchania nywele. Ushike mkononi huo mstari wa kioo, nitaurudia.

Utakumbuka nilikuandikia kwamba nimeipata motokaa ile Nachingwea, katika mabaki yaliyoachwa na Wazungu wa mradi wa karanga. Nilitoa baiskeli yangu na mbuzi wawili, ikaburutwa mpaka hapa nyuma ya lori. Kuku walikuwa wametagia ndani. Isabela alipoiona aliniuliza baiskeli iko wapi, na nilipomjibu akaingia jikoni, hatukusemezana mpaka kesho yake. Lakini sababu aliijua. Tangu Mama alipoanguka kutoka juu ya magunia Pasaka ya mwaka juzi akavunjika mkono, aliapa hapandi tena lori hata la askofu. Na macho yake yalikuwa yanafunga siku hadi siku, mpaka akawa anapapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Ufundi nimejifunza kwa kufungua na kufunga. Nikifunga nikabakiwa na nati mkononi, nafungua tena. Rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini, ilikuwa inavuja mahali patatu, na kabla kisanduku chako hakijafika utingo mmoja wa lori aliniambia nitie unga wa muhogo, utaziba. Nikatia vibaba viwili. Sasa nadhani alisema kijiko. Nikaiwasha injini, ikapata moto, na tulipofungua mfuniko tukakuta ugali, tena umeiva. Isabela alitoka jikoni kutazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu baiskeli iondoke. Siku nne nilikuwa nachokonoa ugali kwa waya. Risasi yako ndiyo iliyoziba kweli, na mpaka leo haijadondosha tone.

Lakini kazi kubwa haikuwa injini. Wewe ni mtoto wa nyumba ile na unajua. Tangu nimwoe dada yako, miaka kumi na minne sasa, mimi na Mama hatujaonana uso kwa uso. Nikimwona njiani nashika porini, na yeye akisikia sauti yangu anageukia ukuta. Habari zetu zinapita kwa Isabela. Ndiyo heshima ya mkwe kwetu, na sina ugomvi nayo. Sasa motokaa yenyewe ni ndogo, milango miwili tu, na mtu hapiti nyuma mpaka kiti cha mbele kikunjwe. Mama angepandaje gari ambalo mkwewe amekaa ndani, magoti kwa mgongo?

Nikaikata nyuma kwa msumeno wa chuma. Nikatoa kiti cha nyuma chote, nikatengeneza kimlango kinachofungukia nyuma, bawaba zake ngozi ya viatu vyangu vya zamani. Ndani nikafunga kwa kamba kiti cha Isabela cha kusukia, kimetazama nyuma, ili Mama anipe mgongo nami nimpe mgongo. Springi nikaziongezea vipande vya mninga zisilale. Kati yetu nikatundika pazia la kanga mbili. Nikasimama nikajisifu. Watu wa Lupaso walikuja kuitazama, wakasema imekuwa banda la kuku tena.

Jumapili ile ya katikati ya Agosti likatolewa tangazo kanisani. Daktari wa macho atakuwa hospitali ya Mkomaindo juma zima linalofuata, Jumatatu mpaka Jumamosi, na asiyefika asubiri mwaka. Shule ilikuwa imefungwa. Jumatatu tukaondoka kumfuata Mama kwake Newala, mimi na dada yako na madebe mawili ya maji.

Kile kilima cha kupandia Newala unakijua. Rejeta ilichemka mara mbili, madebe yote yakaisha, na mahali pa mwisho Isabela alishuka akasukuma. Huo ndio mgongo niliokutajia. Tulifika kwenu jua linazama, rejeta kavu.

Asubuhi Mama alitoka, mimi nimekwisha kukaa kwenye usukani nimetazama mbele. Akaizunguka motokaa akiipapasa taratibu, akaingia kwa kimlango cha nyuma, akakaa kwenye kiti. Nikasikia anasema kiti kizuri. Halafu akataka kujua kuna nini nyuma yake. Mkono ukashika pazia, ukateleza pembeni, ukatua shingoni kwangu.

Sikujitikisa. Mama aliuvuta mkono kana kwamba umegusa kaa la moto, akashuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Isabela alimfuata kumsihi. Nilisikia kila neno kupitia ukutani.

"Mama, wewe huoni, na yeye hageuki. Kosa liko wapi?"

"Macho ndiyo yaliyokufa," Mama akamjibu. "Heshima yangu bado nzima. Mwambie mumeo arudi salama. Mimi giza nimelizoea."

Shemeji, nilikwenda nyuma ya motokaa nikalia. Kosa lilikuwa langu. Nilidhani kwa kuwa Mama haoni, kitambaa kinatosha. Kumbe niliziba macho, ambayo hayakuwa na haja ya kuzibwa, nikaacha mkono. Na ilikuwa Jumanne tayari.

Sasa msikilize Dastani, jirani yenu mchonga mpingo. Alikuwa amesimama uani kwake akitazama mambo yote haya. Akaja, akapima kwa shubiri nafasi iliyo nyuma ya kiti changu, akaondoka, na aliporudi alikuwa amejitwika mlango. Mlango wa nyumba yake, Shemeji, wa mninga, ameung'oa kwenye bawaba. Nilipomkataza akaniuliza kama nimepata mwingine.

Akaukata pembe za juu, akauchongea miguu, akaupachika toka sakafuni mpaka kwenye paa la motokaa. Alasiri akaugonga kwa ngumi akasema, "Angekuwa mke wangu upande wa pili, nisingemsikia. Nimekosea kuutoa." Mama akaitwa. Aliupapasa kwa mikono miwili, kona hadi kona, juu na chini, akitafuta upenyo. Alichukua muda mrefu. Mwisho akauliza ni mbao za nani, akaambiwa.

"Na yeye atalala na nini?"

"Na mkeka mlangoni," Isabela akasema.

Mama akaagiza aletewe shuka yake ya safari.

Ungedhani yamekwisha. Nilipojaribu kuwasha, injini ikakataa kabisa. Kukagua, rota imepasuka, kile kidude kinachozunguka na kugawa moto kwa plagi. Hapo nilikata tamaa. Dastani akakitwaa, akakigeuzageuza, akaniuliza kama ninataka nacho kiwe na pua na masikio. Kabla ya magharibi alikuwa amechonga kingine cha mpingo, akapachika juu yake ule ubamba wa shaba wa zamani. Injini ikanguruma. Ndicho kilichomo mpaka leo.

Yakabaki maji. Nilikusudia kuteremka bondeni na madebe alfajiri ya Jumatano, na kwa mwendo wa kule tungeondoka mchana. Mama akamwambia Isabela, "Mtungi wangu umejaa. Mpeni motokaa." Nikakataa kwa kupitia Isabela, Mama akanilazimisha kwa kupitia Isabela. Majirani waliposikia wakaja nao, huyu kibuyu, huyu nusu ndoo, pamoja na mke wa Dastani ambaye sasa hana mlango. Wewe umekulia pale, unajua mtungi mmoja ni safari gani kichwani. Sikumwomba hata mmoja. Nilishika faneli kwa mikono miwili, nisimwage hata tone.

Isabela alikaa nyuma na Mama. Tulikubaliana wakigonga ubao mara moja nasimama, mara mbili nakwenda. Tulifika Mkomaindo Jumatano saa tisa mchana bila kuchemka. Ijumaa Mama alipasuliwa, na baada ya hapo akalazwa majuma matatu, asiinuke ovyo, asitikise kichwa. Wauguzi walimtunza vizuri, Mungu awabariki. Siku waliyomfungua kabisa na kumvisha miwani, kitu cha kwanza alichokiomba ni ile picha yako ya Tanga, uliyosimama karibu na gari moshi. Aliitazama mpaka muuguzi akaona aibu akatoka. Halafu akamwambia Isabela kwamba wewe umekonda.

Juzi Ijumaa mwalimu mkuu alinipa ruhusa nikamrudishe kwake. Nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye usukani nilipomsikia Mama nyuma ya ubao anazungumza na dada yako.

"Nimetolewa gizani nikaingizwa ndani ya kabati," akasema. "Mwambie mumeo anitobolee dirisha. Nataka kuiona njia ya mbele, siyo ya nyuma. Na kiti kigeuzwe."

Nilijua maana yake, akitazama mbele ataniona kisogo. Nikamwuliza Isabela amwulize, na heshima je? Jibu likarudi kwamba kisogo kila mtu anakionyesha hata kanisani.

Basi nikaazima msumeno kwa fundi wa hospitali, nikautoboa mlango wa Dastani tundu la ukubwa wa kitabu cha sala. Na kwa kuwa sasa nyuma kulikuwa na tundu la kupenyeza macho, nikakumbuka kioo chako. Isabela alikuwa nacho mfukoni. Nikakifunga mahali pake kwa waya, juu ya kioo cha mbele, nikaondoa gari.

Sikufikiri, Shemeji. Naapa sikufikiri. Tulikuwa tumeuacha mji, nikainua macho nitazame kama kuna lori nyuma, na ndani ya kioo nikaona miwani mizito, na nyuma ya miwani macho mawili makubwa yananitazama usoni.

Nikashusha macho. Nikataka kukigeuza kioo, mkono ukiwa umekwisha kufika, ubao ukagongwa mara moja. Nikasimama. Nikangoja Isabela ashuke, hakushuka.

Ndipo nikamsikia Mama, anazungumza na dada yako, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa.

"Mwambie mumeo asikiguse. Wazee walituambia mkwe asitazamwe uso kwa uso. Kioo hawakukitaja." Kisha akasema tena, "Miaka kumi na minne namlisha mtu nisiyemjua sura. Kumbe ana mvi kuliko Anselmo."

Isabela alikuwa analia na kucheka. Mimi sikuweza kuona barabara vizuri, nami ndiye niliyekuwa dereva. Ubao ukagongwa mara mbili, nikaondoa gari. Kabla sijabadili gia ya pili nikasikia tena, "Mwambie aende polepole. Sijamaliza kutazama."

Nikaenda polepole mpaka Newala.

Mlango wa Dastani tumemrudishia jana asubuhi. Mbao za pembeni ameziunga, tundu amekataa kuliziba, anasema sasa anaona nani anapiga hodi. Mama anamtengenezea mkeka mpya, na kwa rota ya mpingo Dastani amenikataza kumlipa. Asante yangu kwako nimeiandika kurasa nne na bado naiona fupi. Wewe ulidhani umetuma kitu cha motokaa. Mama ndiye aliyekipokea.

Mama ana ombi moja, nami nimeahidi kuliandika kama alivyolitamka. Anasema picha ameiona imetosha. Uombe likizo ya Krismasi, uje na Mama Cyril na watoto kwa meli mpaka Lindi. Nitakuja kuwachukua mwenyewe, madebe matatu safari hii. Kiti kimekwisha kugeuzwa, na kioo kiko mahali pake.

Msalimie sana Mama Cyril, na Cyril na Yuliana uwaambie binamu zao wana hamu nao. Shangazi Helena wa Chiwata anakusalimu, na Padre Bartholomayo pia, ambaye anataka kuipanda motokaa lakini anaiogopa. Mungu aliyeifungua njia ya kutoka Newala awafungulie na ninyi njia ya kurudi, akulinde kazini na asikupungukie siku yoyote.

Ni mimi mkwe wa mama yako, sasa mwenye sura,
wako akupendaye,

Edmund