Sehemu ya Nane ya Wavuka Anga

4 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila goti la kushoto linajifanya mwenye nyumba.

Mjomba wako amekupatia nafasi chuo cha uuguzi, kilekile alichosoma marehemu mama yako. Kinafunguliwa tarehe moja Aprili. Uje. Kuwasemea watu wa televisheni kwa Kiswahili, wao wafungue mdomo wewe utoe sauti, hiyo ni kazi au mzaha? Tena hao wenyewe wamevaa mabati, wanaruka angani! Sikukulea uwe kasuku.

Bibi yako

11 Machi

Shikamoo Bibi,

Pole na goti. Mimi mzima. Ukisema nije, nitakuja, wala sitabisha. Naomba kitu kimoja tu kwanza. Jumamosi jioni tazama Wavuka Anga, sehemu ya nane. Sikwambii mimi ni nani humo. Ukishatazama, amua.

Mjukuu wako

22 Machi

Mjukuu wangu,

Mzima? Unakula? Mimi mzima.

Nilikwenda dukani kwa fundi cherehani, ndiye mwenye televisheni kubwa. Nilijua nitasinzia. Wale wasafiri wakatua mahali pasipo na ardhi, giza tupu, na kumbe giza lenyewe li hai. Halina uso, halina mkono, ni kitu kimoja tu kisicho na mwisho. Likamuuliza rubani wao mzee, "Mbona mko vipande vipande? Nani aliwakata?"

Nikaruka kitini. Sauti yako! Naijua hata ukikohoa. Nikasema, "Huyo mjukuu wangu!" Fundi akacheka, "Mama, hilo ni giza." Nikamwambia, "Basi giza hilo nimeliogesha mimi kwenye beseni."

Kisha mzee akafa, na giza halijui kufa ni nini. Likawa linamwita, polepole, kama anayeogopa kumuudhi: "Amka. Sijamaliza kukuuliza." Fundi mguu umemganda juu ya cherehani. Mimi nywele zimenisimama chini ya kilemba.

Fundi anashikilia kwamba sehemu bora ni ile ya vita, vyombo vinalipuka kila upande. Nimemwambia, mwanangu, hata jiko hulipuka. Hii ndiyo bora kuliko zote, na anayebisha aje kwangu. Hamna adui humo. Kuna kitu kikubwa kuliko dunia kinakutana na kifo mara ya kwanza, kinashangaa kama mtoto. Mimi nimezika watu mpaka nikakizoea kifo. Jumamosi nikakiona kipya.

Mama yako alipofariki hukulia. Ulikuwa wa miaka sita, unanitazama tu. Sasa niambie, sauti ile uliitoa wapi?

Bibi yako

27 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limepoa. Maneno yameandikwa na wenye filamu, mimi nasoma tu. Lakini nilipofika hapo nilimwona mama kitandani, na wewe unanivuta mkono tutoke. Nilikuwa bado nina jambo la kumuuliza. Fundi mitambo wa studio alitaka nirudie, sikuweza. Wakaiacha hivyohivyo.

Bibi, hukusema nije au nisije. Mjomba anasisitiza. Begi nimeshafunga.

Mjukuu wako

29 Machi

Mjukuu wangu,

Salamu utazipata siku nyingine. Hii nampa dereva wa basi akukabidhi mkononi leo hii.

Fungua begi. Chuoni mjomba ampeleke binti wa fundi cherehani, yule hata akiona jeraha anachangamka. Mjomba amenuna, uso ni wake. Uuguzi ulikuwa wa mama yako. Wewe umepewa giza, basi lisemee vizuri, tena ule ushibe, sauti ya njaa hujulikana.

Jana jioni umeme ulikatika, nikatoka uani, nikainua kichwa. Miaka yote hii nilikuwa natazama juu kujua kama mvua inakuja. Kumbe kumejaa nyota hivi! Nimesimama mpaka shingo ikauma, mdomo wazi, mwanamke mzima. Nikataka kuuliza kitu, nikakosa pa kuanzia.

Bibi yako