Umesha Kukimbia?

Safari, kaka yangu,

Wewe hukupenda salamu ndefu. Nikianza kukuuliza habari za nyumbani moja moja, ulikuwa unanikatiza: "Sema neno, Aline, tuko mu mvua." Basi nasema neno. Profesa anataka nitoe sura ya nne kwenye kazi yetu ya kumaliza chuo. Sura yako. Wiki ijayo nasimama mbele ya juri, wale watahini, peke yangu, na mpaka jana asubuhi sikujua kama nitasimama nayo au bila yake.

Hapa Goma, kwenye chumba chetu cha utafiti, kiti chako wamekiwekea mashine ya kuchapa iliyoharibika. Mtu akiingia anauliza habari ya mashine. Habari yako hawaulizi tena, wamechoka kunihurumia, na siwalaumu. Chakula cha mchana nakula peke yangu dirishani. Kule kwetu Karuba ng'ombe wa mama wamezaa. Ungekuwepo ungesimama nje ya ua, wewe mtoto wa Ntoto unayepita kwenye msitu wa nyoka bila kusema kitu, lakini ukimwona ndama unatafuta mti wa kupanda. Unakumbuka mama alivyokuuliza, "Safari, unaogopa maziwa?" Ukamjibu kwamba maziwa huyaogopi, unamwogopa mwenyewe, ng'ombe. Mama bado anacheka hilo, halafu anajifuta macho na kitenge.

Watu walitutania sana: Safari anasomea safari. Na kweli kazi yenyewe ilichekesha. Kwenda kilima kwa kilima tukiuliza kama wageni wangeweza kuja kutembea na kushindana mbio, kuanzia malisho ya Masisi hadi msitu wa Walikale, na kama wenyeji wangelipenda jambo hilo. Utalii wa asili na michezo, ndivyo tulivyoandika kwenye jalada. Wewe ulisema nchi nzuri namna hii haiwezi kubaki ikijulikana kwa vita tu. Nilikuamini. Siku zingine bado naamini.

Halafu lile swali. Kwa Kifaransa lilikuwa safi kabisa, lilimuuliza mtu kama amewahi kufanya mchezo wa mbio. Ukasema watu wa milimani hawaongei hivyo, ukaliandika kwa Kiswahili chetu: Umesha kukimbia? Na mengine yakafuata: ulipita wapi, ulibeba nini, njia iko namna gani, ungependa kukimbia tena? Sote wawili ni watoto wa hapa, Safari. Tumelelewa ndani ya neno hilo. Shule ilitufundisha kulisoma kama mchezo, nasi tukaenda nalo Karuba tukiwa na viatu vipya vya kupandia milima.

Mama Dorika, yule anayeuza maziwa barabarani, ndiye aliyetangulia kutujibu. "Kukimbia?" akasema. "Ya kwanza ao ya mwisho?" Ukacheka kidogo, ukasema ya mwisho. "Ya mwisho tulipita kule juu kwa malisho, tukaingia mu pori, tukatokea Ntoto." Alibeba nini? "Sufuria na mutoto wa dada yangu." Njia je? "Iko muzuri kama mvua haiko." Nilikuona umeshaelewa kwamba anasema kukimbia vita, kalamu imesimama, lakini mdomo ulikuwa umezoea kusoma, ukamsomea hata la mwisho. Ungependa kukimbia tena? Akakutazama kama mtu anavyomtazama mtoto wake aliyelewa. "Weye mutoto, nani anapenda?" Halafu akatumiminia maziwa, kwa sababu aliona nyuso zetu.

Wengine wakajibu hivyohivyo. Kuuliza si ujinga, ulisema, lakini sisi tumekaribia. Hukucheka tena ulipoweka majibu juu ya ramani. Njia yao ilikuwa njia yetu. Ile tuliyoichora kwa ajili ya wageni, kwa sababu ina upepo mzuri na mtu anaona mbali, ndiyo watu waliyoipita na sufuria kichwani. Watu wa jembe na watu wa ng'ombe, kila mmoja kwa wakati wake, wengine wakimkimbia jirani, wote waliitaja hiyohiyo. Watu wako na watu wangu. Nilishukuru kwamba tulikuwa wawili.

Profesa akasema hayo majibu hayako kwenye mada, turekebishe swali turudi. Ukasimama, wewe unayemwogopa ndama. "Prof, swali njo liko na kosa. Jibu haina kosa." Ukaandika sura ya nne. Kwamba atakayewaleta wakimbiaji hapa aanze kwa kuwauliza wanaoijua njia hiyo kwa nyayo zao. Ukamtia na yule baba wa Mushaki aliyesema angependa siku moja kuona watu wanapita pale wanacheka, ili aone kwa macho yake kwamba inawezekana. Mimi nilifikiri umeongeza chumvi. Leo naisoma sura hiyo nasikia sauti yako, mpaka naifunga.

Vita vikarudi ukiwa upande wa chini, kwenu, nami niko hapa napanga majibu. Riziki, dada yako, amenieleza kwamba mlitoka Ntoto chini ya mvua, kwamba wewe na vijana wengine mlipokezana kumbeba bibi mmoja mzee asiyeweza kutembea, na kwamba homa ilikushika kabla hamjafika Mpofi. Dawa hazikuwepo. Lakini hayo nimeyajua baadaye. Siku yenyewe aliniambia tu, "Aline, Safari haiko tena," simu ikakatika. Nilikuwa sokoni na nyanya mkononi, nikasahau nilitaka kupika nini. Barabara ilikuwa imefungwa. Wamekuzika Mpofi na mimi sijatupa hata konzi moja ya udongo. Nina hasira, Safari. Nina hasira hata na wewe, kwamba ulikwenda tereni kuuliza watu bila kunisubiri. Halafu hasira inaisha na chumba kinabaki kimya, na hapo ndipo pabaya zaidi.

Unajua Profesa amenisahihisha nini kingine? Kila mahali nilipoandika "tuliuliza", amekata, ameandika juu yake "niliuliza". "Tulitembea" imekuwa "nilitembea". Ukurasa baada ya ukurasa, kwa kalamu nyekundu, anakuondoa. Si mtu mbaya. Ananiambia mwanafunzi mmoja anatetea kazi ya mtu mmoja, na marehemu tumweke mwanzoni, kwenye ukurasa wa shukrani, na maneno mazuri.

Jana nilikwenda kwake. Nikamwambia sura ya nne haitoki. Akavua miwani. "Aline, juri watakukula mubichi. Hiyo sura, mwenyewe hayuko. Nani atajibu?" Nikasema nitajibu mimi. Na "tu" nimezirudisha zote, Prof, nikasema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na uongo haufai kwenye utafiti. Akasaini. Hakuniambia kwamba niko sahihi, amesaini tu.

Sijui itakuwaje wiki ijayo. Wanaweza kunirudisha mwaka mzima nyuma. Mama anasema atakuja na kitenge chake kipya akae mbele, ingawa Kifaransa chao hatakisikia hata kidogo. Pembeni yake nitaacha nafasi wazi, na mtu akitaka kukaa nitamwambia ina mwenyewe.

Ninakuahidi hivi. Watakaponiuliza kwa nini watu wetu wamejibu vibaya, nitawaambia wamejibu vizuri, na nitawasomea jina la kila kijiji. Na barabara ikifunguka nitakuja Mpofi, mchana, kwa miguu yangu, pole pole, nikae na wewe.

Lala sasa, kaka. Huko hakuna atakayekuamsha ukimbie.

Aline wako, wa Karuba