Shamba Namba 417

Jumatatu, 3 Oktoba 2005

Nimerudi kutoka Kilosa na vumbi hadi kwenye kope. Siku mbili za mafunzo kwa Lazaro, fundi aliyetufungia seva, ile kompyuta kuu, hapa kwenye chama cha wakulima mwaka jana. Anaongea haraka utafikiri anafukuzwa. Mimi kazi yangu kutikisa kichwa.

Nilichokishika ni hiki. Programu yetu sasa itatumia amri zenye mapengo. Lazaro ana jina lake la Kizungu, mimi naziita hivyohivyo: amri zenye mapengo. Unaandika sentensi mara moja. Mahali pa namba ya shamba unaweka alama ya kuuliza, mahali pa tarehe alama ya kuuliza. Seva inaikagua, ikiikubali inakaa nayo inasubiri. Baadaye unaipa namba na tarehe — inatekeleza. Kama fomu: maneno yameshachapwa, wewe unajaza nafasi.

Wiki hii natakiwa kuzijaribu, zilizo sawa na zenye makosa ya makusudi, nione seva inajibu nini. Lazaro kasisitiza mara tatu: jaribu kwenye kopi, Upendo, usiguse jedwali lenyewe. Nimeitikia mara tatu.

Si mchezo. Wakulima mia sita wa miwa, Mikumi hadi Ruhembe, wanalitegemea jedwali hilo. Ndilo linalosema shamba la nani lichomwe moto lini kabla ya kukatwa, na miwa yake ipakiwe lini kwenda kiwandani. Zamani lilikuwa daftari la Mzee Casmir, mwenyekiti, na kila mtu alijua daftari lile lina ndugu na marafiki. Mama yangu alikuwa wa mwisho miaka minne mfululizo. Siku ya kuzindua kompyuta Mzee Casmir mwenyewe alisema: kompyuta haina shemeji. Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimetukanwa na mashine siku nzima. Nimeondoa koma — kosa la sintaksia, yaani sentensi haijanyooka. Nimefungua mabano bila kuyafunga — kosa la sintaksia. Mapengo mawili, jibu moja — imegoma. Kila kosa naliandika kwenye karatasi ya Lazaro na kuweka alama ya vema. Nakosea, napata vema. Shule gani hii.

Bibiana, katibu muhtasi wetu, kaniuliza kama kukosea nako siku hizi ni kazi ya kulipwa. Nikamwambia ndiyo, na ninaifanya vizuri.

Moja limenishangaza. Nimeipa tarehe 40 Februari. Sentensi imenyooka, mabano yamefungwa. Imeipokea! Imeandika masifuri matupu, haikusema neno. Nimeliandika kwa wino mwekundu nimwulize Lazaro.

Jumatano, 5 Oktoba

Mfungo umeanza. Mji umepoa, hata kelele za stendi zimepungua.

Kwenye kopi kila kitu kinakwenda. Lakini skrini anayoitumia Bibiana kuchapa orodha haisomi kopi, inasoma jedwali lenyewe. Bila kuijaribu skrini, nimejaribu nini? Nikasema, shamba moja tu. Nalibadilisha, naona, nalirudisha hapohapo.

Nikachagua 417, la mama. La mtu mwingine ningeogopa kuligusa. Hili nalijua kichwani: Teresia, Ruhembe, ekari tatu, kuchomwa 24 Novemba. Hata likiharibika najua la kuandika. Pengo la kwanza nikajaza 417. La pili, 7 Oktoba, keshokutwa. Seva ikajibu: mstari mmoja umebadilika. Jamani raha! Tangu jana naambiwa kosa, kosa, kosa, leo naambiwa sawa.

Saa sita kasoro dakika ishirini umeme ukakatika. Sikuwahi kulirudisha. Mtandao wa simu nao ukapotea, nikapanda kilimani kuutafuta, nikampigia Lazaro kumwambia zinafanya kazi. Kanipongeza. Jedwali gani, hakuuliza. Nami sikusema.

Niliporudi jenereta ilikuwa bado ya moto. Bibiana kaiwasha nusu saa, akachapa karatasi zake, akazima kubana dizeli. Tarehe ya mama nitairudisha kesho asubuhi. Orodha ya Ijumaa hutoka Alhamisi saa kumi, kwa hiyo hakuna shida.

Alhamisi, 6 Oktoba

Umeme umerudi saa tatu. Kitu cha kwanza: 417, 24 Novemba. Mstari mmoja umebadilika. Nimevuta pumzi.

Nimekunywa chai mbili.

Ijumaa, 7 Oktoba

Saa nane mchana kondakta wa basi la Ruhembe kaniletea mkungu wa ndizi. Umetoka kwa mama. Na salamu: anashukuru sana, watu wa moto wamefika, leo wanamchomea. Alijua mwanawe hawezi kumsahau.

Nilisimama na ule mkungu mlangoni sijui niuweke wapi.

Bibiana ndiye aliyenieleza, tena kwa upole, hajui kitu. Mzee Mbaruku, msimamizi wa moto, amefunga. Hawezi kupiga baiskeli kila siku kutoka Ruhembe na kiu yote hiyo. Jumatano mchana aliomba apewe orodha ya siku mbili kwa mpigo, na watu wake wachome mapema wawahi futari. Ndiyo maana jenereta. Alhamisi na Ijumaa, karatasi moja. 417 imo. Ile tarehe yangu ya majaribio ilikaa kwenye jedwali usiku mmoja tu, ila iliondoka jioni ileile kwenye mfuko wa shati la Mzee Mbaruku.

Nikampigia Gaudiosa, jirani wa mama mwenye simu. Haipatikani. Tena. Haipatikani. Mzee Mbaruku hana simu. Nikadandia lori la mbolea. Kabla hatujafika Ruhembe masizi yalikuwa yanatua kwenye kioo.

Shamba lilikuwa limeshalala jeusi. Watoto wanafukuza panya kwa fimbo. Mama kajifunga kitenge puani, macho mekundu, anacheka. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Kanishika mkono hauachii. Kaniambia Mzee Mbaruku alisita: miwa bado haijakomaa vizuri, mama una hakika? Yeye akamjibu, kama kompyuta imesema, yumo mwanangu ndani. Miaka minne nimekuwa mkia, baba, leo niacheni niwe kichwa.

Mzee Mbaruku alinionyesha karatasi. Namba, jina, tarehe, mhuri wetu. Hakuna hata koma iliyokaa vibaya.

Nilitaka kusema. Kinywa kilifunguka kabisa. Nikasema, haya mama, pumzika, moshi utakuumiza. Ndicho nilichosema, Mungu wangu.

Jumamosi, 8 Oktoba

Ofisini toka saa moja. Nimejipanga kueleza kila kitu.

Kwanza Lazaro. Nimempigia, nimemweleza yote. Kauliza: hakuna namna ya kurudisha? Nikamwambia jedwali nimelirudisha Alhamisi. Kasema, basi kwenye seva hakuna kosa. Hakuna kosa! Nikamuuliza, na miwa je? Kasema ya miwa yeye hajui.

Kisha Mzee Casmir. Sikufika hata katikati. Kumbe habari imemfikia jana ileile: mama wa binti wa kompyuta kachomewa mwezi na nusu kabla ya zamu. Hakugomba. Katabasamu, na hilo ndilo lililoniuma. Kaniambia, Upendo, mimi nilitukanwa sana kwa lile daftari. Nikamwambia ilikuwa majaribio, Mzee. Kasema, hata mimi nilikuwa najaribu tu. Nikamuuliza, na nafasi ya malori? Akapandisha mikono, akaishusha. Orodha ya kupakia ya wiki ijayo iko kiwandani toka jana. Kuongeza shamba kwenye siku iliyojaa haiwezekani. Kubadilishana inawezekana — mmoja atoke, mwingine aingie — na hilo linafanywa kwenye kompyuta, siyo kwake. Akaondoka kwenda Kilosa kwenye kikao wilayani.

Nafasi tupu ya kwanza ni Alhamisi. Miwa iliyochomwa Ijumaa, Jumanne bado inapokelewa, kwa kununa. Jumatano imeanza kuchacha. Alhamisi wanairudisha na lori lake. Ekari tatu. Hilo ndilo shamba lililonisomesha mimi, na sasa linamsomesha Elia, mdogo wangu. Mama hana lingine.

Shamba 418 liko kando ya la mama, mpaka wao ni mtaro. Ekari tatu vilevile. Limechomwa jana hiyohiyo, kwa zamu yake halali. Linapakiwa Jumatatu. La Mzee Seni. Alikuja kutoka Usukumani miaka sita iliyopita na ng'ombe na watoto saba, ng'ombe akauza, akanunua hapo. Chamani hana mtu. Nikimtoa hakuna atakayemtetea. Lori litaingia njia ileile, litakata kushoto badala ya kulia.

Nimeandika amri. Nafasi ya Jumatatu, shamba, alama ya kuuliza. Nafasi ya Alhamisi, shamba, alama ya kuuliza. Nilitamani igome. Nilitamani nione yale matusi ya juzi. Imekubali mara ya kwanza. Imeandaliwa, inasubiri namba mbili.

Mama amekuja na basi la asubuhi. Yupo nje kwenye benchi, amevaa gauni la kanisani. Nilitoka kumwamkia, nikakusudia kumwambia hapo hapo. Kaniwahi: asubuhi amepewa habari kuwa hayumo kwenye malori. Hana wasiwasi, kasema. Waliomtoa ni hao wa daftari, wana kijicho. Ingia ndani mwanangu, utazame ni nani.

Nikaingia ndani.

Sasa Mzee Seni naye amefika. Kaja kuhakikisha Jumatatu yake, kama afanyavyo kila msimu, haamini karatasi mpaka aione. Nimempa shikamoo kupitia dirishani, kaitikia marahaba kwa adabu kama vile mimi ndiye mkubwa. Wamekaa benchi moja. Nawasikia. Anamwambia mama kwamba tangu ije kompyuta analala usingizi, maana haimjui yeye ni nani. Mama anamwambia ni kweli, baba, tena anayeiendesha ni binti yangu. Amemmenyea ndizi. Ule mkungu wangu niliouacha mlangoni jana, umeiva.

Saa sita kasoro robo. Umeme upo, leo ndiyo haukatiki. Bibiana ameweka karatasi kwenye printa, ananitazama, anasubiri. Pengo la kwanza limejazwa 417, sikumbuki nilipolijaza. La pili linapepesa.

Kengele ya baiskeli. Mzee Mbaruku anaegesha, amekuja kuchukua orodha.