Tata, Kwa Nini Henceforth?

Tata,

Jana, baba yangu, baada ya kuanua matanga yako, baba mdogo alifungua kasha lako mbele ya ukoo mzima ili tujue mrithi ni nani. Kumbe wosia umeuandika kwa Kiingereza! Karani mzima wa baraza, hukuwaza kwamba hapa Kishanda hakuna anayekijua ila mimi? Wakanipa karatasi niwasomee.

"Henceforth kibanja hiki ni cha binti yangu Koku."

Mawe, mama yangu! Nilisoma kimya mara tatu. Mtoto wa kike apewe kibanja, shamba la migomba la ukoo, lini imesikika? Wazee wanatafuna punje za kahawa, wananitazama. Nikuambie ukweli, Tata, nilitaka kudanganya. Ningetaja jina la baba mdogo, kila mtu angekwenda kwake kwa amani.

Halafu nikakumbuka senene. Nilikuwa nasoma shule Kashozi, tumbo likaniuma, nikaapa kwa lile neno nililoliona kwenye barua zako za Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya: "Henceforth sili senene!" Jioni ukanikuta nimejaza mdomo panzi hao wa kukaanga. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ndipo ukanifundisha: hence ni kutoka hapa, forth ni kwenda mbele, Waingereza wa zamani wakayaunga. Ukasema ni neno la barazani, si la mambo ya tumbo. "Ukilitamka, Koku, usigeuke."

Nikasoma kwa sauti. Nikawaambia maana yake: kuanzia sasa na siku zote zijazo. Baba mdogo akaruka kutoka kwenye kigoda. Akauliza, mpaka nitakapoolewa? Nikasema hapana. Mpaka lini basi? Nikasema halina mwisho. Akadai najipendelea, akaichukua karatasi kwenda nayo kwa mwalimu wa Kashozi. Leo mchana amerudi, hata salamu hakunipa. Ameweka mezani karatasi na ule mundu wako wa migomba anaokabidhiwa mrithi, akaondoka.

Jamani Tata, ulishindwa hata kuninong'oneza? Miezi yote ile nakuogesha, nakunywesha uji, wewe kimya! Nimekukasirikia. Na nakukumbuka mno.

Mundu ninao. Kesho naanza na migomba ya kando ya kaburi lako, majani makavu yameshaanza kulifunika. Lala salama, Tata wangu. Henceforth sitageuka.

Ila senene nitakula.

Koku wako