Chupa ya Udhu

Alhamisi, 3 Aprili

Pancha ya nne tangu asubuhi. Miba ya migunga. Nimeziba, nimetukana, nimejaza upepo. Kaka yangu Seif amekaa kivulini anakula tende kama yuko harusini. Safari hii ni wazo lake: siku nne kwa baiskeli, njia ya mawe, kutoka Quriyat mpaka ng'ambo ya milima, ati tupumzike na ofisi za Maskati. Mchana kaanguka kwenye mteremko. Goti limechanika, chupa mbili za maji zimepasuka. Akacheka. Mimi sikucheka. Kisima kipo mbele, tutakifikia kesho.

Ijumaa, 4 Aprili

Kisimani mna mbuzi aliyekufa. Ameoza. Tumebaki na chupa mbili, moja kila mtu. Jua linachapa.

Adhuhuri nilikuwa nafungua tairi, nikasikia maji yanamwagika. Seif anatia udhu. Chupa yake nzima! Uso, mikono, miguu, taratibu, kama yuko bombani kwetu Madinat Sultan Qaboos. Nikamwambia atayammamu kwa vumbi, dini imeruhusu.

"Maji nnayo, vipi nitayammamu?" akasema. "Mola atatuletea mengine."

Nilimpiga na pampu ya baiskeli. Ya chuma. Mdomoni. Akaanguka chali, nikampiga tena, kisha mateke ya mbavu. Hakurudisha. Alijikinga uso tu. Kaka yangu mkubwa, aliyenilea tangu Baba afariki. Meno mawili ya mbele yalikuwa kwenye changarawe.

Damu ikautengua udhu wake. Akapiga viganja kwenye vumbi, akatayammamu, akasali, ndevu zinachuruzika. Nilikuwa bado nataka kumpiga. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 5 Aprili

Tulisukuma baiskeli tangu alfajiri. Hanisemeshi. Nilimpa chupa yangu, akafumba mdomo. Nikamkaba shingo, nikammiminia kwa nguvu. Akanitemea usoni, maji na damu. Ndiyo yakaisha.

Saa sita akaanguka. Nikamwita, hajui jina lake. Baiskeli nikazitupa bondeni, nikambeba. Hasira hasara, wanasema. Hasara yenyewe ilikuwa mgongoni kwangu, nzito, inakoroma. Akifa, jua halikumuua. Nimemuua mimi. Nililia, nikamtukana, nikaendelea kutembea.

Alasiri likatokea gari la Bedui mmoja, limesheheni majani ya ngamia. Akamlaza Seif juu ya majani, akamnywesha kwa kitambaa, tone kwa tone. Akautazama mdomo wake. Akanitazama mimi. Akauliza kwa Kiarabu nani kamfanya hivi.

Seif akafumbua macho. Akasema ameanguka na baiskeli.

Jumatatu, 7 Aprili

Nyumbani. Mama anampikia Seif uji na kumgombeza, mtu mzima kuchezea baiskeli milimani. Mimi ananiombea dua kwa kumbeba. Naona haya.

Magharibi Seif alitandika miswala sebuleni, atusalishe kama kawaida. Mama akasimama nyuma. Mimi nikasita mlangoni. Seif hakuanza. Alinyoosha mswala uliokuwa kuliani kwake, akangoja.

Nikaenda nikasimama. Bega lake likagusa langu. Alisoma Alhamdu kwa sauti, upepo ukimponyoka penye pengo, polepole, bila kuruka neno.