Mji wa Udongo wa Mwanamkasi

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Shule imefunguliwa. Vumbi kila mahali, popo wamechafua dari. Misi Harwud, mwalimu mkuu wetu, amenipa historia ya darasa la sita. Misri tumemaliza, sasa Bara Hindi ya kale. Kitabu kimoja, cha Kiingereza, kurasa kumi na moja. Mimi Dorkasi, Mbondei wa Magila, niwafundishe watoto wa Tanga habari za Wahindi! Mombasa kwenyewe sijafika.

Nilipowaambia wasichana, walicheka. Beatrisi, binti wa karani wa mkonge, akauliza kama Wahindi hao wa kale nao walikuwa na maduka. Darasa likapasuka kwa kicheko. Halafu, kama nilivyoogopa, macho yote yakamgeukia Mwanamkasi.

Ana miaka kumi na tatu. Mama yake, Bi Kijakazi, anakaanga vitumbua mtaa wa Mabawa. Baba yake ni Bwana Valji mwenye duka la nguo Ngamiani. Mji mzima unajua. Zamani Kijakazi alikuwa akifua nguo kwake, kabla mke hajaletwa kutoka Bara Hindi. Ndoa haikuwapo. Mtoto hupita mbele ya duka lile kila siku, kwenda na kurudi. Hajaitwa ndani hata siku moja. Wenzake humwita chotara. Darasani nimelikataza neno hilo, lakini njiani mimi sipo.

Leo aliinamisha kichwa, akachora mistari pembeni mwa daftari mpaka kengele.

Alhamisi, 6 Septemba

Somo zuri leo! Nilichora mji wa Mohenjo-Daro ubao mzima. Njia zimenyooka. Nyumba za matofali ya kuchoma, kila mtaa na kisima chake. Mifereji ya maji machafu imefunikwa. Birika kubwa la kuogea katikati ya mji, na yote hayo kabla ya Yesu kuzaliwa kwa miaka elfu mbili na zaidi. Nikawauliza: Mabawa kwetu mifereji iliyofunikwa iko wapi? Wakacheka tena, lakini safari hii walijicheka wenyewe.

Mwanamkasi akanyosha mkono. Mara ya kwanza mwaka huu! Alitaka kujua maandishi yao yalisema nini. Nikamwambia hakuna ajuaye kuyasoma, hata Wazungu.

Wenzake walipotoka akabaki. Akafuta ubao polepole, pembe moja baada ya nyingine, mji wenyewe akauacha. Akasema bila kugeuka:

"Mwalimu, wale ni watu wa kwetu?"

Nikasema ndiyo. Ni watu wa kwenu.

Nilisema upesi mno. Kitabu hakisemi hivyo. Kitabu kinasema hata jina walilojiita halijulikani. Lakini ungeona uso wake!

Jumanne, 11 Septemba

Tunaujenga mji. Fikra ilikuwa yangu, kazi ni ya Mwanamkasi. Wameleta udongo mwekundu kutoka njia ya Pongwe, wamebeba kwa vikapu kichwani. Matofali wanayafyatua kwa kasha la kiberiti. Yamepangwa juani mia na zaidi, na kuku wa mlinzi amekwisha kukanyaga safu nzima.

Mwanamkasi anaamrisha. Huu mfereji umepinda, vunja. Hiki kisima kiko karibu na choo mno, sogeza. Na Beatrisi anasogeza! Wamemwita "fundi". Nililisikia neno hilo nikiwa dirishani. Nikaenda kunawa uso.

Jumatano, 19 Septemba

Somo la leo: mizani yao, vipuli, bangili, mihuri yenye picha ya ng'ombe. Mwanamkasi amefinyanga mkokoteni wa kuchezea, na fahali wawili wanaouvuta, magurudumu yanazunguka kweli. Ameandika daftari zima. Amekuwa anacheka, na nimegundua ana mwanya. Miezi minane nimemfundisha bila kuuona mwanya ule.

Misi Harwud ameutazama mji, akasema utawekwa mbele kabisa Siku ya Wazazi, Jumamosi ya tarehe 29. Wafanyabiashara waliotoa vitambaa vya mapazia wamealikwa pia. Akanipa orodha ninakili. Jina la tatu: Valji, na familia.

Nilinakili. Ningesema nini? Na kwa Kiingereza gani?

Ijumaa, 21 Septemba

Mwanamkasi ameniletea barua nimsahihishie. Nainakili hapa, maana sitaki kujidanganya baadaye kwamba sikuielewa.

"Kwa Bwana Valji. Salamu sana. Mimi ni Mwanamkasi wa darasa la sita. Tumejenga mji wa kale wa watu wa kwenu. Jumamosi ya tarehe 29 wageni watakuja kuutazama. Nakuomba na wewe uje. Sitakuita baba mbere ya watu. Uje utazame tu."

Nikaisoma mara mbili. Ningeweza kuichana. Ningeweza kusema, mwanangu, muulize mama yako kwanza. Nikachukua kalamu, nikaifuta r nikaandika l. Mbele.

Hicho ndicho nilichofanya. Nilisahihisha herufi!

Jumatatu, 24 Septemba

Ameipeleka. Bwana Valji alikuwa akimkatia mteja kitambaa. Mtoto akaiweka mezani karibu na mkasi, akatoka mbio.

"Aliiona?"

"Sijui, Mwalimu. Hakuinua kichwa."

Mama yake hajui. Nimemwambia amwambie. Amesema atamwambia. Hatamwambia.

Ijumaa, 28 Septemba

Mji umekwisha. Birika tumelitia maji ya kweli. Kesho.

Jumamosi, 29 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Wageni walifika saa nne. Mwanamkasi alikuwa amesukwa nywele, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Alisimama nyuma ya meza, mikono mgongoni, kama nilivyowafundisha. Misi Harwud akawaongoza wageni meza hadi meza. Bwana Valji alikuja. Amekonda, ana miwani, koti la kahawia. Mkewe katika sari ya kijani. Na binti yao mdogo, miaka minane hivi, viatu vyenye kifungo.

Mtoto wangu akaeleza. Lo, alivyoeleza! Sauti haikutetemeka. Hii ni njia kuu. Huu ni mfereji, umefunikwa ili watu wasiugue. Hapa walioga. Yule binti mdogo akanyosha mkono kuugusa mkokoteni, mama yake akamvuta. Mwanamkasi akauchukua mkokoteni, fahali na vyote, akampa. "Chukua," akasema, "ni wako." Wakatazamana. Pua moja. Kila mtu mwenye macho aliona.

Mke wa Valji aliona. Hakuutazama tena mji. Alimtazama mumewe.

Bwana Valji akakohoa. Akasema, kwa Kiswahili safi cha mtu aliyezaliwa Tanga:

"Hodari. Hodari sana. Mtoto wa nani huyu?"

Wasichana wote wa darasa la sita walikuwa wamesimama pale. Beatrisi akaangalia miguu yake.

"Wa Bi Kijakazi wa Mabawa, bwana," akajibu Mwanamkasi.

"Aa. Mwambie mama yako amepata mtoto hodari."

Wakaenda meza ya ufumaji.

Na Mwanamkasi akaendelea! "Na hiki ni kisima," akasema, "kila mtaa ulikuwa na kisima chake." Mbele yake hapakuwa na mtu. Alimaliza maelezo yote mpaka mwisho kama tulivyofanya mazoezi, na alipomaliza akarudisha mikono mgongoni.

Bi Kijakazi alikuwa mlangoni. Nilimwona akijifunika buibui usoni, akaondoka.

Nami nilikuwa hatua tatu kutoka mezani, fimbo ya ubao mkononi. Nilijua jibu la swali lile. Nimekaa na wanafunzi miaka tisa nikiwaambia anayejua jibu anyoshe mkono.

Jumapili, 30 Septemba

Kanisani. Padre alisema nini sijui. Nimetoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Jumatatu, 1 Oktoba

Hakuja.

Mji bado uko nyuma ya darasa. Maji ya birika yamekauka, yameacha alama. Hakuna msichana aliyekaa karibu nao.

Silabasi haimngoji mtu. Leo ilikuwa zamu ya Mfalme Ashoka, aliyeshinda vita, akaona maiti, akajuta, akaamuru majuto yake yachongwe kwenye mawe nchi nzima ili kila apitaye ayasome. Beatrisi akauliza: na wale waliokufa, waliyasoma? Nikamwambia akae chini. Baadaye nikamwita nikamwomba radhi. Mtoto alishangaa.

Jumatano, 3 Oktoba

Nimekwenda Mabawa baada ya shule. Bi Kijakazi alikuwa anaosha kikaango. Akanikaribisha vizuri, akanipa kiti chenye mgongo, mwenyewe akakaa juu ya mbuzi ya nazi. Mwanamkasi alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Hakutoka.

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Yote yakapotea. Nikasema tu, nisamehe, Bi Kijakazi.

"Sina kinyongo nawe, Bi Mwalimu. Umesoma, ukadhani kusoma ni dawa ya kila kitu." Akaendelea kusugua kikaango. "Miaka kumi na tatu namfundisha mwanangu kulipita duka lile asitazame ndani. Alikwisha kuweza. Wewe kwa wiki nne umemfundisha kutazama."

Nikatazama lile pazia.

Jumamosi anampeleka mtoto Tongoni kwa mama yake mkubwa. Kule hakuna darasa la sita kwa wasichana. Nikasema atapoteza nafasi, ndiye wa kwanza darasani. Akasema anajua. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti.

"Anasema barua haikusomwa. Anasema ilianguka chini ya meza, ikafagiliwa. Kwamba kama yule bwana angemjua, asingemwuliza vile. Kutwa anasema hivyo. Namwacha aseme. Mtu lazima awe na kitu cha kulalia."

Ijumaa, 5 Oktoba

Bwana Valji amekuja shuleni! Saa ya chakula, peke yake, kwa baiskeli. Akanivulia kofia. Akauliza kama anaweza kuuona tena ule mji.

Nikampeleka. Wasichana walikuwa nje, lakini Beatrisi alikuwa dirishani, nilimwona. Bwana Valji alisimama muda mrefu. Aligusa ukingo wa birika kwa kidole kimoja.

"Mwanamkasi hajaja wiki nzima," nikasema. "Kesho anapelekwa Tongoni."

Akakiondoa kidole birikani.

"Uliipata barua yake?"

"Niliisoma mara nyingi, Mwalimu. Nimeificha ndani ya robota la kitambaa cha marekani ambalo hakuna mtu analifungua." Akavua miwani. "Akizungumza, ile ni sauti ya marehemu mama yangu. Nilipomsikia nilimjua. Mke wangu alikuwa ananitazama. Ikabidi niulize jambo. Hilo ndilo lililonitoka."

Nikamwambia: kamwambie hayo. Baiskeli unayo, Mabawa si mbali.

Akatazama nje. "Siwezi," akasema. "Nina nyumba, Mwalimu."

Nilimchukia. Na kisha — nisiandike uongo kwenye daftari langu mwenyewe — nilimwonea huruma, kwa sababu na mimi nilisimama hatua tatu kutoka pale nikanyamaza, na mimi sina hata nyumba ya kuogopea.

Akaondoka akiikokota baiskeli. Hakuipanda mpaka alipofika barabarani.

Jumamosi, 6 Oktoba

Walipita kwangu saa mbili na nusu kuniaga, njiani kwenda kituoni. Bi Kijakazi amebaki barazani na furushi la nguo. Mwanamkasi akaingia. Shikamoo, Mwalimu. Marahaba. Amekonda. Akasema mji wavunje, udongo unaweza kutumika tena kwa ufinyanzi.

Kisha akasema:

"Beatrisi kaja jana jioni. Anasema yule bwana alikuja shuleni. Kweli?"

Nikasema kweli.

"Alitaka nini?"

Nilijua alichonionya mama yake. Nilikijua! Lakini mtoto alikuwa ananitazama usoni, na nimekwisha kumwambia jambo moja lisilo la kweli, kwamba wale ni watu wa kwao, na angalia lilikotufikisha. Na zaidi ya hayo nilidhani, Mungu wangu, nilidhani atafurahi. Sauti ya bibi yake! Nilidhani hilo ni zawadi. Nikamwambia yote. Barua, robota la marekani, sauti.

Akasikiliza mpaka mwisho, mikono mgongoni.

"Kwa hiyo aliisoma."

"Aliisoma, mwanangu. Mara nyingi."

"Basi alinijua."

"Alikujua tangu ulipofungua mdomo."

Nje kulikuwa na mtu anapasua kuni.

"Mimi nilikuwa namwambia mama hakunijua," akasema.

Hakulia. Akavua viatu, akavipanga vizuri chini ya kitanda changu, akajilaza, uso ukutani. Nimemgusa bega. Ni kama kugusa ubao.

Basi la Pangani, litakalowashusha Tongoni, linapita saa nne. Sasa ni saa tatu na nusu. Nimekaa mezani naandika, maana nikiiweka kalamu chini itanibidi nifanye jambo, na mikono yangu, iliyoisahihisha ile barua, nimeanza kuiogopa. Bi Kijakazi anauliza kutoka barazani kama tumekwisha kuagana. Ameuliza mara mbili. Sijamjibu.