Koti la Namba 47

Jumatatu, 2 Mei 1955

Mvua tena. Nimechota maji mara mbili, nimechelewa kengele, nimeingia darasani magoti yamejaa matope. Kipindi cha historia: polisi wa London. Mwalimu anasema zamani kule kila mwanamume alikuwa na zamu ya kulinda, na aliyeibiwa alipiga yowe, watu wote watoke mbio wamkimbize mwizi. Baadaye wakaajiri wazee wa kulinda. Wazee wakasinzia vibandani, vijana wakawa wanavipindua na mzee mwenyewe yumo ndani. Tulicheka sana. Halafu wakaunda polisi. Waliwavika buluu ili watu wasidhani ni wanajeshi. Bunduki hakuna, rungu tu, tena limefichwa ndani ya koti. Na kila mmoja ana namba kwenye kola, ukionewa umjue wa kumshtaki.

Mugo wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, na huyo asiye na bunduki, anaogopwa na nani?" Mwalimu hakucheka. Alitazama nje ya dirisha kwanza, kisha akafuta ubao.

Nilitaka kuuliza kama askari wetu pia wamewekewa namba kwa sababu hiyo. Sikuuliza. Mimi huwa siulizi. Najichukia.

Jumatano, 4 Mei

Mama alikuwa na pasi ya serikali ya kutoka kijijini kwenda Runyenjes kumwona Cucu, mama yake, ambaye ni mgonjwa. Aliingojea wiki mbili. Nilimsindikiza mpaka lango la kijiji, pale penye daraja la handaki linalozunguka kijiji. Askari wa zamu sijawahi kumwona. Jino la mbele hana. Koti kubwa la mvua. Akaishika pasi kwa vidole viwili.

"Imelowa hii. Pasi iliyolowa si pasi."

"Mwanangu, hii mvua si mimi nimeileta," Mama akasema.

Akaichana. "Basi nenda ukaianike, mama."

Wenzake wakaangua kicheko. Mama akainama kuokota vipande kwenye matope, mbele ya mtu wa umri wa mwanawe. Mimi nilisimama kama kisiki. Lakini kola niliisoma. 47.

Ijumaa, 6 Mei

Nimeandika barua kwa Bwana DO, Mzungu mkuu wa tarafa yetu. Kwa Kiingereza. Nimeichana mara tatu, ya nne nikaiacha. Namba nimeiandika kubwa. Jina langu chini, na jina la shule. Kwa kalamu mimi si mwoga, ni mdomo tu.

Nimempa karani wa ofisi nikakimbia kabla hajaniuliza kitu. Mama hajui.

Jumanne, 10 Mei

Namba 47 amekamatwa! Nilisikia nikitoka shule. Nilirudi nyumbani nikiruka vidimbwi, peke yangu, nikicheka kama mwendawazimu.

Nikamkuta Wawira, jirani yetu, ameketi kwetu analia, mtoto mgongoni. Aliyevuliwa mkanda na kufungiwa kituoni ni mume wake, Njeru, naye ni askari.

Njeru! Mama alipoteguka mguu, Njeru ndiye aliyembebea kuni. Meno yake yote yapo.

Mama akamuuliza imekuwaje. Wawira akasema makoti ya mvua kituoni ni matatu. Anayetoka zamu anatundika lake ukutani, anayeingia anachukua lililo karibu. Siku ile Njeru alikuwa amelitundika. Namba 47 ni ya Njeru, ila imeshonwa kwenye koti. Basi namba ni ya koti, si ya mtu. "Sijui ni nani aliyeandika uongo huo," Wawira akasema, na akaniomba maji.

Nikampa maji.

Jumatano, 11 Mei

Siwezi kukaa. Siwezi kusoma. Wanasema Njeru atafukuzwa kazi na kupelekwa kambi ya kizuizini. Nikinyamaza, ameenda. Nikisema, yule asiye na jino atajua ni mimi, na Mama anapita kwenye lango lile kila siku kwenda shambani.

Jioni nikamwambia Mama yote. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Aliendelea kumenya viazi mpaka vikaisha.

"Kesho tutaenda."

Basi.

Alhamisi, 12 Mei

Ofisini. Bwana DO nyuma ya meza, barua yangu mbele yake. Kando yake amesimama mkalimani, koplo mgeni. Akafungua mdomo kutusalimu. Jino la mbele hana.

Ni yeye. Alijua tangu mwanzo ni koti la nani alilovaa, akamwacha Njeru afungwe.

"Sema tu, msichana," akaniambia kwa Kiembu, kwa sauti ya upole. "Nitamfikishia Bwana."

Nikatazama miguu yangu. Mama akanifinya mgongoni, akanifinya kweli. Nikainua uso nikamwambia Bwana DO mwenyewe kwa Kiingereza. Kiingereza kibovu, vitenzi vyote vimekosewa. Nikasema namba niliisoma vizuri ila mtu nilimkosea. Nikasema Njeru hana kosa. Nikasema aliyevaa koti ni huyu hapa.

Koplo akaanza kueleza. Bwana DO akainua mkono, akaniambia nirudie. Nikarudia. Mara ya pili sauti ilitoka kubwa mno, kama ya mtu mwingine.

Tukaambiwa tungoje nje. Tukangoja mpaka saa saba, halafu tukafukuzwa.

Jumatatu, 16 Mei

Koplo hayupo tena. Hakufungwa. Kahamishwa tu. Kwa hiyo sasa yuko kwenye lango la mama wa mtu mwingine. Ninalifikiria hilo hata wakati wa hesabu. Njeru hajatoka. Mugo ananiita Mzungu kwa kile Kiingereza cha ofisini, darasa zima linacheka. Sijali. Ninajali kidogo.

Jumamosi, 21 Mei

Mama amepata pasi nyingine. Cucu bado yu hai.

Langoni leo ni Njeru. Amekonda. Aliisoma pasi polepole, akamrudishia Mama, akamwambia awe mwangalifu darajani kwa sababu mbao zinateleza. Mama akaenda.

Mama alishamweleza Wawira, na Wawira akamwambia Njeru ni nani aliyeandika ile barua. Nilimwona machoni kwamba anajua.

Nikamsalimia. Hakuitika. Nikangoja kidogo, kisha nikamsalimia tena.